Sinia la Saa Saba

Jumatatu, 3 Februari
Nimefungua stoo ya samaki, sakafu yote maji. Umeme ulikatika Jumamosi na jenereta hakuna aliyeiwasha. Umerudi alfajiri ya leo. Vibua viliyeyuka, sasa vinaganda upya, vimelala hovyo. Bwana Mhina, meneja wetu, kaminya maboksi mawili, kasema endeleeni kufunga. Sauti ya kawaida kabisa.

Saa saba sinia likaja. Wali na vibua vya kukaanga, vya hapa hapa stoo, kama siku zote. Tangu aletwe tawi hili la Mchafukoge, Bwana Mhina anakula na sisi wapakiaji, na yeye ndiye anayetangulia kutia mkono. Tusichokula hatuuzi, ndiyo kauli yake. Nilimheshimu sana kwa hilo. Leo kasema amefunga sunna. Mikono yote ikaishia kwenye wali.

Jumanne, 4 Februari
Leo Bwana Mhina kasema tumbo linamsumbua. Haya.

Jumatano, 5 Februari
Kaagiza chipsi kuku, kala ofisini, mlango kaurudishia. Vibua vimerudi jikoni vizima. Hakuna aliyesema kitu, na hawa wasichana kwa umbea siwawezi. Naogopa ukimya huu.

Alhamisi, 6 Februari
Kaniita. Jumamosi unatoka mzigo wa harusi na hataki wateja wasikie minong'ono. Halafu akaleta habari ya usimamizi wa stoo, kwamba nafasi iko wazi na ananifikiria mimi. Ila kesho nile vibua mbele ya wenzangu.

"Wakikuona wewe Rehema unakula, watatulia."

Nikamuuliza kama samaki ni wazima. Akashika simu yake.

Nina hasira. Usimamizi nimeutaka miaka. Sikusema ndiyo. Hapana pia sikusema.

Ijumaa, 7 Februari
Nimetangulia kutia mkono. Kibua kikaniwasha ulimi kama kina pilipili, na mpishi wetu hatii pilipili. Nikatabasamu. Nikaenda chooni, nikatema.

Niliporudi wanakula wote, wanacheka. Neema, mdogo wetu wa kazini, kachukua kichwa. Ningeweza kusema. Nilikaa, nikala wali.

Hata saa moja haikupita Neema uso umevimba, macho mekundu, anatapika kwenye karai. Wengine wawili wanajikuna shingo. Nimempeleka hospitali kwa bajaji. Kaniegemea njia nzima, ananiuliza, "Na wewe unaumwa, dada?"

Nikamjibu, "Kidogo."

Jumamosi, 8 Februari
Hospitali waliuliza Neema kala nini. Meneja kuambiwa hivyo, mzigo wote ukaenda dampo. Harusi watakula kuku. Kasimama mbele yetu kasema hata yeye kashtuka. Nilimtazama viatu. Nilijiona mchafu kama yeye.

Jumatano, 12 Februari
Vibua vipya vimeingia jana, vigumu kama matofali. Mimi ndiye msimamizi. Funguo ziko mfukoni.

Neema karudi, kakonda. Kanipa shikamoo yake kama zamani.

Saa saba Bwana Mhina kanawa, kakaa, katangulia, kala kipande kizima. Hakuna aliyemtazama. Walikuwa wananingoja mimi. Nikamega, nikatafuna. Neema hakuangalia mkono wangu, aliangalia koo. Nikameza. Akaendelea kuangalia kidogo, halafu akavuta wali mtupu upande wake, akala taratibu.