Maji Kwenye Dizeli

4 Machi

Dada,

Natumai mmeamka salama, wewe na Baba. Mimi huku gereji mzima, ila mgongo unalia.

Hiyo taa ya njano uliyoniambia inawaka kwenye gari, usiipuuze. Ni sensa ya presha ya mafuta, inasumbua sana magari ya dizeli. Ikiingiwa na maji au uchafu, injini inaishiwa nguvu, mwisho inazima. Chini ya filta kuna koki: ifungue kila wiki, maji yatoke mpaka uone dizeli tupu. Filta ibadilishwe kabla haijaziba. Tangi lisikaribie kukauka. Na fundi aisafishe plagi ya sensa, aangalie kama waya umechubuka.

Msalimie Baba.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Sisi tupo, tunasukuma siku.

Koki nimeiona, sijaigusa. Naamka namgeuza Baba, namwogesha, namlisha, nampeleka kusafishwa figo, namsubiri, narudi kufua mashuka. Hiyo koki niifungue saa ngapi? Barua nzima ni gari. Baba kapata maneno mawili.

Dada yako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali, hata yangu siijui.

Gari limezima. Tulikuwa katikati ya mlima wa hospitali, likaishiwa nguvu, nyuma yetu honi tupu. Baba akasema, "Shuka usukume, mimi nitashika usukani." Tukacheka, halafu nikalia. Tulipopata wa kutuvuta, zamu yake ya mashine ya figo ilishapita. Kavimba miguu, anahema, wamemlaza.

Fundi kafungua filta: maji matupu. Ulinionya, najua. Usinirudishie hilo neno. Nimechoka, ndugu yangu. Nimechoka mpaka kwenye kucha.

Dada yako

3 Aprili

Dada,

Pole. Hilo neno sikurudishii. Nimeomba likizo, nakuja. Nikifika, wewe nenda kwa Shangazi ukapumzike.

Mdogo wako

30 Aprili

Dada,

Hujambo huko kwa Shangazi? Huku Baba ameruhusiwa, miguu imenywea. Gari nimeliweka sawa: sensa mpya, filta mpya, tangi nimeliosha. Kazi ya asubuhi moja.

Baba ndiye ananitoa jasho. Jana kagoma kula, eti mkono wangu unanuka dizeli. Nilipomgeuza akapiga kelele: "Wewe! Mimi si gurudumu!" Mchana nimesinzia nimekaa, kijiko mkononi, yeye ananitazama tu. Akasema, "Dada yako naye hulala hivyo hivyo." Sikujua, dada. Miaka yote hii nilikuwa naulizia gari.

Unarudi lini?

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Sijambo, na safari hii ni kweli. Nalala, jua linaniamsha, nalala tena. Shangazi anadhani naumwa.

Ukimgeuza anza na bega, nyonga itafuata yenyewe. Mwambie kwanza kwamba unamgeuza; anachukia kushtukizwa. Akigoma kula, keti na wewe ule naye.

Kurudi sijui lini. Bado nina usingizi.

Dada yako