Matundu Mawili Kwenye Ngozi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu zote huko kazini kwako. Natumaini kikohozi kimekuachia usingizi. Mama anasema unywe maji ya moto na uache ubishi. Sisi tu wazima. Mguu wa Baba umeunga, ingawa asubuhi bado anauburuta. Nami naendelea vizuri na masomo, hasa fizikia.

Barua yako ilifika. Umesema ukija likizo utaichukua ile bunduki kuukuu ya jeshi aliyonunua Baba, uwaoneshe nguruwe mwitu wanaofukua shamba letu kwamba nyumba hii bado ina mtu mwenye macho. Mama alicheka. Baba alitoka nje.

Tangu siku ile alipompiga risasi kwa bunduki hiyo nguruwe mwenye sikio lililochanika, naye akamgeukia, akamvunja mguu na kutokomea, Baba haketi tena barazani na wawindaji wenzake. Wanamwita Mzee Nusura. Yeye huapa kuwa alilenga nyuma ya bega na kwamba vumbi liliruka ubavuni mwa mnyama. Wenzake humjibu kuwa vumbi hilo lilikuwa la mbio zake mwenyewe.

Kwa kuwa ulitaka bunduki ipakwe mafuta, Mama aliipeleka kwa fundi, nami nikafuatana naye. Fundi huyo ni mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na husema na bunduki kwa adabu kama anasema na wakwe. Alisema hana ugomvi na bunduki yetu. Ugomvi wake ni na risasi za bunduki hiyo.

Nyuma ya karakana ana matofali mabichi ya udongo, na hakuna bunduki inayorudi kwa mwenyewe kabla ya kujaribiwa hapo. Risasi yetu ilitoboa tofali ikatokea upande wa pili, tundu jembamba kama la sindano ya magunia. Kisha akapiga risasi ya kuwindia kwa bunduki nyingine. Hiyo iliingia kimya kimya, lakini ndani ikachimba shimo la kutosha ngumi yangu.

Alinieleza kuwa risasi ya jeshi imevikwa shaba hadi nchani, kwa hiyo haifunguki. Hupita kama mgeni asiyetaka hata maji. Ya kuwindia ina ncha laini inayochanua ndani ya nyama, na mnyama huanguka karibu. Nikamuuliza mbona viwanda havikutengeneza risasi laini za kipimo cha bunduki yetu. Akasema wawindaji walikuwa tayari na bunduki nyingine zenye nguvu ileile. Bila risasi laini, bunduki hii haikupata wawindaji. Bila wawindaji, kiwanda kingemtengenezea nani?

Basi nikakumbuka jambo. Baada ya Baba kuumia, vibarua walikuta mzoga wa nguruwe ng'ambo ya kijito, watu wakasema ni ugonjwa. Ngozi yake ilipelekwa kwa mtengeneza mikanda. Nilikwenda na penseli yangu. Sikio lilikuwa limechanika, Kaka, na nyuma ya mabega, huku na huku, kulikuwa na tundu. Penseli ilipita kote kuwili.

Baba hakukosa.

Niliipeleka ngozi barazani. Mmoja alinitania kuwa penseli ya mwanafunzi hupita popote isipokuwa kwenye mtihani. Lakini mkubwa wao alipapasa tundu kwa kidole, akasema jina la utani huondolewa na aliyelitoa.

Sasa naomba usikasirike. Jina hilo ulilitunga wewe, ukicheka, siku uliyoondoka. Niliwaambia utakuja kusimama mbele yao, Baba akiwepo, ulitengue. Nimeahidi kwa niaba yako bila kukuuliza, na sitaifuta ahadi hiyo. Bunduki itabaki kwa fundi. Wewe njoo na mdomo wako tu.

Baba hajui kuwa nakuandikia, ila leo amevaa kofia yake ya kuwindia, akaketi nayo mlangoni.

Mama anakusalimu. Tunakungoja.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda Mimba