Vidonge vya Kopo la Misumari

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini hujambo na dawa zako hukosi kumeza. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi, na naandika mbio kwa furaha, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Dada, tumewashinda watu wa magodoro! Kila mwaka karakana yetu ya useremala huvutana kamba na kiwanda chao cha jirani, na kila mwaka wanatuburura kama mkokoteni. Safari hii fundi mkuu aliniweka mwisho wa kamba, mahali pa mtu wa kutegemewa. Najua umeshashika kichwa. Tangu tulipotoka hospitali mimi na wewe, hutaki nibebe hata ndoo, na kila ukipiga simu unaishia kulia na kuniomba radhi. Ndiyo maana sikukwambia kuhusu mazoezi. Daktari aliniruhusu, lakini wewe je?

Mazoezi yenyewe yalinikomesha. Kesho yake sikuweza kuinua randa, na kuketi nilishikilia ukuta. Wenzangu wakanicheka, wakasema dawa ipo: kopo la misumari la fundi mkuu, limejaa vidonge vya maumivu, nao wanavitafuna kama njugu, kabla ya kamba na baada ya kamba. Fundi akaniwekea viwili kiganjani, akasema mwanamume hangoji misuli imhurumie.

Nikavitia mfukoni, nikapitia duka la dawa. Mama muuzaji akavigeuzageuza, akaniuliza kama nina tatizo la tumbo, moyo au figo. Nikamjibu figo yangu haina tatizo, ila iko moja tu. Weee! Alivichukua na hakunirudishia. Akanieleza kuwa vidonge vya aina ile vinaweza kuumiza figo, hasa mtu akivimeza huku anatoka jasho na hajanywa maji, na kwamba nisiviguse bila daktari wangu kujua. Maumivu ya mazoezi, alisema, huisha yenyewe. Nipumzike, ninywe maji, nijinyooshe taratibu.

Sasa nikuungamie. Nilirudi karakanani nikawaeleza aliyosema mama wa duka la dawa, kisha nikawaambia nililowaficha siku zote, kwamba figo yangu nyingine iko mwilini mwako. Msumeno ukazimwa. Nikajua fundi ataniondoa kwenye kamba. Badala yake aliuliza daktari wangu anasemaje, akalimwaga kopo lote, akaniambia pale mwisho ni pangu palepale.

Jana kamba ilipoanza kurudi upande wetu nililia mbele ya watu wote, wakadhani ni ushindi. Dada, nilikuwa nakuwaza wewe. Nimevuta kwa nguvu zangu zote, na zilitosha. Usiniombe radhi tena. Nilipokupa ile figo sikupungukiwa kitu.

Nisalimie wote nyumbani, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Mimi mdogo wako,
Kitinda mimba