Panya wa Kundi la Tatu

Tororo, 4 Juni 1951

Dada Mable,

Mulembe. Natumaini goti la mama limepoa na mvua ya Lunyo imewaachia mtama. Mimi mzima, ila moyo mzito.

Hapa maabara tuna vijidudu vya kichomi vya aina mbili: vikali vyenye ganda, ambavyo huua panya, na vipole visivyo na ganda. Daktari aliniambia nichemshe vile vikali mpaka vife, nivichanganye na vipole vilivyo hai, kisha niwadunge panya. Wakafa wote. Anasema sikuchemsha vizuri. Mwisho wa mwezi atatafuta mtu mwingine.

Dada, nilichemsha.

Ndugu yako mdogo,
Egesa

Lunyo, 11 Juni 1951

Mdogo wangu,

Mulembe. Mama anatembea hadi kanisani sasa, na mtama umesimama.

Mimi vijidudu sivijui, najua maziwa. Juzi yaliharibika, nikalaumu kibuyu. Nikakamulia katika sufuria mpya, yakaharibika vilevile. Kumbe ng'ombe ana kiwele kibovu. Sasa nakuuliza: vile ulivyochemsha, uliwahi kuwadunga panya bila kuvichanganya na vingine?

Dada yako,
Mable

Tororo, 29 Juni 1951

Dada,

Mulembe, na umsalimie mama kabla hujasoma zaidi. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nasubiri panya.

Nilimwomba Daktari makundi matatu. Akasimama kando yangu na saa mkononi nikichemsha. Kundi la kwanza walipata vilivyochemshwa tu. Wanakula hadi leo. La pili, vipole tu, wazima. La tatu, mchanganyiko. Wamekufa, na katika damu yao tumekuta vijidudu vyenye ganda, vilivyo hai, vinavyozaa vyenye ganda.

Daktari akaniuliza, "Wewe unasemaje, Egesa?"

Nikamwambia vilivyokufa havikufufuka, maana vingefufuka hata katika kundi la kwanza. Kuna kitu kimetoka kwa vilivyokufa kikaingia katika vilivyo hai, kikavibadilisha pamoja na vizazi vyake. Ni kitu gani, jaribio hili halisemi.

Akaandika hivyo hivyo. Alikiri kwamba huko Ulaya waliwahi kuandika jambo hili, naye hakuliamini. Kisha akaniomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Nabaki kazini.

Ndugu yako,
Egesa

Lunyo, 8 Julai 1951

Mdogo wangu,

Mulembe. Huku wote wazima, hata ng'ombe. Nilimsomea mama barua yako mara tatu. Mwalimu wa kanisa, Wabwire, alipouliza kama vijidudu vimefufuka, mama ndiye aliyemjibu, kwa maneno yako, bila kukosea.

Jambo moja sikukuambia. Barua yako ya kwanza ilipofika, nilikulimia kipande cha shamba karibu na kisima, nikijua utarudi bila kazi. Nisamehe. Jana nimepanda humo viazi vyangu mwenyewe. Ukija Krismasi, shamba huna hapa. Una sahani tu.

Dada yako,
Mable