Bitana ya Fundi

Jumatatu, 3 Juni
Nimekabidhiwa hesabu za jaribio la bitana! Fundi mkuu wa karakana yetu ya miguu ya bandia amebuni bitana laini zaidi, ile ya ndani inayokinga kigutu kisichubuliwe na mguu. Watu watano wameivaa, sita wamebaki na ya zamani. Kesho kila mmoja atatembea uwanjani hadi maumivu yamsimamishe. Mkurugenzi amedokeza kwamba taarifa ikimridhisha, ajira yangu itathibitishwa. Katika mpango nimeandika swali la pande mbili: bitana mpya yaweza kuwa bora, au mbaya zaidi. Nimejipongeza kimoyomoyo.

Jumanne, 4 Juni
Wastani umetuangusha. Bitana ya zamani inaongoza — kwa sababu ya mtu mmoja! Tarishi mstaafu aliyeivaa alizunguka uwanja mpaka mpimaji akaomba kiti. Fundi amenuna, chai yake imepoa mezani.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeachana na wastani, nimetumia nafasi ya kila mtu. Wote kumi na mmoja wanapangwa mstari mmoja, aliyefika mbali zaidi mbele; ukubwa wa pengo hauhesabiwi. Tarishi sasa ni wa kwanza, basi. Wanaomfuata ni watano wote wa bitana mpya, na mkiani watano wa zamani. Fundi alicheka, akaniita Profesa, akauliza kama hesabu hiyo yaweza kumpunguza na shemeji yake anayejisifu.

Kisha nikafungua jedwali la takwimu, linaloonyesha kikomo cha kusema kwamba tofauti si bahati tu. Mara ambazo mtu wa zamani alimshinda wa mpya ni tano, zote za Tarishi. Kwa swali la pande mbili, zisingepaswa kuzidi tatu. Kwa swali la upande mmoja, yaani kama mpya ni bora tu, hata tano zinakubalika.
Sikumwambia Fundi.

Ijumaa, 7 Juni
Mkurugenzi aliliona jedwali kabla sijamweleza. Alisema kwa upole: "Mwanangu, nani hapa alidhani kitu laini kitaumiza watu? Andika upande mmoja, tumalize."
Hoja si ya kipuuzi. Jumatatu ningeikubali. Leo majibu tumekwisha kuyaona — na Fundi amekwisha kukata bitana mpya za wale sita.

Nimechapa: "Dalili ni nzuri, ushahidi bado hautoshi. Wapimwe watu zaidi." Nimempelekea Mkurugenzi.
Naandika haya mezani kwangu. Mlango wake u wazi. Anasoma, kidole chini ya kila mstari. Fundi amesimama kando yangu na mkasi. Mkurugenzi amevua miwani.
Anamwita Fundi, si mimi: "Weka mkasi chini. Tafuta watu wengine wa kupimwa."