Sitazipokea Katoni za Sigara

Ntinda, Kampala

Kwa kaka yangu Barasa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini mguu wako umepona na sasa unatembea bila fimbo. Je, Mama anameza dawa zake za presha, au bado anazificha chini ya mto? Mimi ni mzima, ingawa wiki hizi zimenikondesha.

Ujumbe wako niliupata. Unataka nipokee katoni za sigara zitakazofika soko la Kalerwe ndani ya magunia ya vitunguu, nizisambaze kwenye maduka ya huku. Jibu langu ni hapana, kaka. Sikuhubirii kama mtu msafi. Nisikilize kwanza.

Nilishakueleza habari za tajiri wangu, Mama Akello, yule mjane wa mwanajeshi anayekaa Mbuya. Mwezi uliopita alikwenda kwao Gulu kumuuguza dada yake, akaniachia duka. Ndipo akaja mwanamume mmoja anayeitwa Kato, na boksi mkononi. Juu kulikuwa na sigara zisizo na stempu ya kodi. Chini kulikuwa na zile sigara za kielektroniki, ndogo kama kalamu, zinazonukia embe. Nilijua hapa Uganda zimepigwa marufuku. Nilizichukua hivyo hivyo. Nilitaka Mama Akello akirudi akute duka limechangamka. Nikazificha chini ya kaunta, na waliozijia wengi walikuwa wanafunzi.

Siku ya nne aliingia Mama Zamu, fundi cherehani wa mlango wa pili, ameshika moja. Aliitoa kwenye mkoba wa shule wa binti yake, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amelazwa kwa ajili ya kifua, akihema kama mtu aliyekimbizwa.

"Nekesa, hii kitu imetoka kwako?"

Ningeweza kukana, maana maduka ni mengi. Lakini huyu mama ndiye aliyenipa godoro nilipofika mji huu sina kitu.

"Ndiyo, imetoka kwangu."

Aliiweka juu ya kaunta, akaondoka. Mpaka leo nikimsalimu haitikii. Binti ametoka hospitali, ila ngazi za shule bado zinamshinda.

Siku hiyo hiyo nilimpigia simu Mama Akello nikamweleza yote. Akasema kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi, "Usitupa kitu. Usiuza kitu. Mimi nakuja."

Alipofika tulilibeba boksi pamoja hadi polisi. Nilimtaja Kato. Afisa alinionya kwamba hata mimi naweza kushtakiwa kwa kuziuza. Nikamwambia aandike.

Kato alikamatwa, akatoka kwa dhamana, na juzi alikuja dukani. "Wewe ni mgeni hapa," akaniambia. "Hiyo kibali yako ya kazi inaweza kupotea."

Mama Akello alitoka stoo, akasimama katikati yetu. "Huyu ni mtu ya kwangu. Kama iko maneno, anza na mimi." Kato alienda zake. Mimi nikakaa juu ya kreti ya soda. Kama Mama Akello atanibakisha kazini, sijui. Amesema tumalize hili kwanza.

Jumanne nitatoa ushahidi mahakamani. Nitaanza na kosa langu ndipo nifike la Kato. Na wewe, kaka, ukizituma hizo katoni, nikiulizwa ni nani mwingine anayefanya biashara hii, sitanyamaza kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Ni afadhali unikasirikie sasa.

Msalimie wifi yangu na watoto, na shangazi yetu anayeongoza kwaya. Mama msomee barua hii yote, usimpunguzie. Mwambie asiombe niepuke adhabu. Aombe nikisimama mbele ya hakimu sauti isinikauke.

Dada yako akupendaye,
Nekesa