Botini ya Mama Simone

Lubumbashi, kambi ya bakimbizi,
mwezi wa sita 1962

Yaya yangu Ngalula,

Nakusalimia na roho yangu yote, wewe na shemeji na batoto. Namna gani kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi? Ukiuliza habari yetu, tunapumua. Laurent ameanza kutembea akishika pagne yangu ya kitenge, na kuhara imemuachilia kidogo. Simone anakukumbuka, anasema unanuka sabuni muzuri. Mimi nimechoka tu, yaya, kuchoka ya muntu anayelala na sikio moja wazi.

Barua yako ilinifikia kwa mukono ya infirmière mumoja wa ONU, Umoja wa Mataifa, anayetunza bagonjwa hapa. Nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Unaniambia bantu ba treni ya kwanza ya kurudisha bakimbizi kwetu, wakati balishuka Mwene-Ditu, balimwelezea mama mukwe kama baliniona kambini nikitembea na botini, pagne imefungwa muzuri, kitambaa kichwani. Naye akapiga vigelegele, sababu kwetu mwanamuke aliyefiwa na bwana havai viatu. Akasema basi, bwana yangu Godefroid iko muzima. Sasa amefunga mbuzi ya kumupokea mutoto yake, na kila siku anakuja kukuuliza treni yetu itafika lini.

Treni yetu inatoka juma inayokuja. Kwa hiyo nataka kukuelezea hii botini, ujue namna ya kuiangalia siku nitashuka.

Unakumbuka Godefroid aliuzisha viatu kwa duka ya Mugriki mumoja katikati ya mji. Siku moja ya samedi, ubatizo ya Laurent ikiwa karibu, bazungu bakiwa bamekwisha kununua, alinipitisha kwa mulango ya nyuma. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua na macho: kiatu nyekundu, kisigino nyembamba kama musumari, ile ya bamadame ba Golf, mutaa ya bazungu. Alinicheka. Alisema kule Golf njia iko na lami. Kwetu Ruashi ule musumari utaota kwenye udongo kama muhogo, na nitafika kanisani na kiatu moja. Akaleta botini ya rangi ya kahawa, fupi, inapita kifundo kidogo tu, na kisigino imejaa chini yote, hakuna nafasi, kama kabari ya kupasulia kuni. Akanikalisha. Akapima na kidole gumba mbele ya vidole yangu, akanitembeza kwenye simenti, akanisimamisha juu ya ncha za vidole aone kama ngozi inanikata nyuma. Nilisikia nimekuwa murefu na siogopi kuanguka.

Hata kuivaa ilikuwa masomo. Pagne ikishuka sana inameza botini, unaonekana kama umeiba viatu ya kaka yako. Ikipanda sana, miguu inaonekana kama imekatwa. Inapashwa kukomea vidole mbili juu ya botini. Kitambaa ya kichwa ikuwe na kahawa kidogo, na blouse ikae kimya, sababu, alisema, nguo zote haziwezi kupiga kelele siku moja. Siku ya ubatizo bamama ba Ruashi baliangalia miguu yangu kuliko mutoto.

Siku tulikimbia, wakati balianza kuwinda bantu ba kwetu kule Ruashi, niliivaa kwa haraka, maana Laurent alikuwa mugongoni na Simone mukononi. Godefroid alitufikisha hapa kwa basoda ba ONU. Tulitetemeka na baridi usiku muzima. Asubuhi akarudi Ruashi kutafuta blanketi ya batoto. Aliniambia nisimufuate, hata nikisikia nini.

Maisha ya hapa unaijua: nyumba za magunia, matope, foleni ya unga, foleni ya maji. Kila asubuhi napaka botini mawese na makaa ya kusaga, napima vidole mbili, nafunga kitambaa, naenda. Bamama bananichokoza. Mumoja anapiga kelele toka mbali, «Mama Simone, mbio, kule Golf chai inapoa!» Mwingine anasema bwana yangu akirudi atakuta nimekula semeli yote ya chini kwa kutembea, atanirudisha kwa baba. Nacheka nabo. Simone njo anapanguza ncha za botini. Anasema papa akiikuta chafu atakasirika.

Sasa, yaya, kaa chini.

Godefroid amekufa. Paulin, jirani yetu wa Ruashi, alifika kambini mbele ile juma haijaisha, akaniita pembeni ya robine ya maji. Kwenye kizuizi ya barabara, bijana ba bunduki balimuuliza jina na kwao. Akajibu bila kudanganya. Paulin alikuwa nyuma yake, na jina ya kuazima. Wakati bale bijana balienda, yeye na muntu mwingine balimuzika pale karibu na kichuguu. Balimufunika na ile blanketi.

Nikamuomba Paulin asimwambie muntu. Kisha nikafunga tena kamba za botini, na nguvu, nikarudi kwenye foleni.

Usinihukumu mbio. Kwetu mujane anakaa chini, hapiki, hachoti maji, bandugu njo banamulisha. Hapa nani angenilisha? Mama asiyesimama foleni, mutoto yake hapati maziwa. Na kuko banaume banaoingia kwa mwanamuke ambaye hana mwenyewe. Bakiona botini, banajua bwana ya huyu anarudi. Yaya, nilimuvaa bwana yangu miguuni. Nimemulilia nikisimama, nikitembea, nikicheka na bamama. Hakuna muntu aliyenipa hata pole moja, sababu sikumupa muntu nafasi.

Sikujua botini itafika Mwene-Ditu mbele yangu.

Nenda kwa mama mukwe. Usimwambie mulangoni, ingia, shika mukono yake, kisha afungue ile mbuzi. Simone nitamwambia mimi, na kinywa yangu, ndani ya treni. Sitaki asome kifo ya baba yake kwenye miguu yangu.

Nitashuka nimevaa botini. Laurent atakuwa mugongoni, na sitaki kuanguka mbele ya bantu. Lakini kwetu mujane hajivui viatu mwenyewe. Tandika mukeka kwa mama mukwe. Wewe ushike muguu moja, yeye moja, munivue, munikalishe chini, nilie kama banamuke bengine.

Na neno moja asilibadilishe muntu: botini isichomwe, isitupwe, hata bakubwa ba ukoo baseme iko ya kifo. Iwekwe. Kilio ikiisha nitaivaa kwenda kutafuta kazi, vidole mbili chini ya pagne.

Salimia shemeji, busu batoto, kunywa ile dawa ya kifua usiimwage kama kawaida yako. Mungu atukutanishe tungali na machozi ya kulia pamoja. Kamba nitazilegeza treni ikikaribia kusimama, zisisumbue mukono yako.

Mudogo yako,
Delphine, mama ya Simone na Laurent